Salfa ikiingia jichoni, usiite mganga, ita ndoo!

Wiki hii tunaweka kando mapenzi na mitindo ya nywele, tunashuka kusini mpaka Mbekenyera, kule Ruangwa mkoani Lindi. Wewe unayetafuna korosho za kifuko pale kituo cha basi, unajua kuna macho ya watu yanaponzwa na hizo hizo korosho?

Iko hivi. Katikati ya mwaka, mikorosho ikianza kutoa maua, inavamiwa na ubwiriunga, ule ugonjwa mweupe kama unga. Dawa yake inayojulikana tangu zamani ni salfa. Kijana anabeba mashine mgongoni alfajiri, upepo umetulia na umande bado uko kwenye majani ili unga unate, anapuliza juu. Sasa unga ukipanda si lazima ushuke? Wengine wanajifunga kitambaa puani, safi kabisa, lakini macho wanayaacha uchi! Salfa ikikutana na machozi inawasha kama pilipili. Mtu akianza kujifikicha kwa mikono ileile yenye unga, ndiyo kasheshe yenyewe.

Mavuno nayo yana yake. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, waulize akina mama wanaobangua kwa mkono. Ukizichoma kienyeji kwenye bati, ganda linatema mafuta ya moto. Yakiruka jichoni, yanaunguza.

Dawa ya kwanza ya yote haya ni maji, tena papo hapo shambani, siyo baada ya kufika nyumbani. Mlaze mtu ubavu, jicho lililoumia liwe chini, mpanue kope kwa vidole safi, mwaga maji safi polepole kuanzia upande wa pua kwenda nje. Siyo mara mbili tatu halafu basi. Dakika 15 hadi 30, mikono ikichoka apokee mwingine. Kisha kituo cha afya. Hata nyoka swila akikutemea sumu machoni, ni maji hayo hayo mengi.

Hapo sasa ndipo wajuaji wanapoingia. Mmoja anataka maziwa ya mama, mwingine anakamua majani, wa tatu (aibu tupu!) analeta mkojo. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulihusisha dawa za kienyeji na vidonda vya konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe, na mwanga haupiti kwenye kovu.

Nanyi wa mjini msicheke. Mnaokimbilia duka la dawa kununua matone bila kupimwa mko mashua moja. Matone mengine yana steroidi: jicho linaacha kuwa jekundu, unajiona umepona. Kumbe ulikwaruzwa na jani au kijiti, ukungu umeingia, na ile dawa inaupa nafasi ya kustawi.

Lakini jamani, siyo kila jicho ni la kuoshwa. Kama limetobolewa na mwiba, waya, au ile ndoano ya mpira wa kufungia mzigo kwenye bodaboda, usimwage maji, usilibonyeze, na kilichochoma usikichomoe. Lifunike kwa kikombe cha plastiki bila kuligusa, kingo zikae kwenye mifupa inayolizunguka, funga kwa plasta, nenda hospitali leo leo.

Unasema "nina la pili"? Louis Braille wa Ufaransa, aliyebuni maandishi ya nukta ya wasioona, alikuwa na miaka 3 mwaka 1812 alipojichoma jicho moja kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake. Ugonjwa ukahamia la pili. Alipofika miaka 5 alikuwa haoni kabisa.

Kuna na ngumi. Msimu wa mabibo uraka unakuwa mwingi, na maneno yanakuwa mengi. Jicho likipigwa, likaonekana damu mbele ya mboni au mtu akaona ukungu, akae kichwa kikiwa juu, asimeze aspirini maana inazidisha kuvuja damu, apelekwe hospitali. Kulisubiri lijisafishe lenyewe ni kucheza kamari.

Kama una kaka au mjomba mwenye mikorosho huko kwetu, kabla ya msimu wa salfa mtumie miwani ya plastiki, ile ya mafundi inayoziba mpaka pembeni. Siyo ya jua, hiyo ni ya kuuzia sura. Na mwambie akitaka kuivua afute jasho, atoke kwanza kwenye wingu la unga, anawe mikono.