Hukumu ya Hiana na Njia ya Kuifuta

Biashara ya Kyavinyonge, katika ufuo wa Ziwa Edward, imesimama juu ya amana: mchuuzi hukabidhiwa samaki wa chumvi bila ya kutoa hata faranga, akawapandisha milimani hadi Butembo, akawauza, kisha akarejesha thamani yao kwa mwenye mtumbwi. Natuseme mchuuzi huyo ameuguliwa na mtoto, akatumia fedha za watu, na mwenye mali, baada ya kungoja na kuchoka, akampeleka kwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Hapo sheria hupambanua jambo ambalo sokoni halipambanuliwi sana. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976 ikiitwa Zaire, wakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Bali aliyepewa mali ili aiuze na kurejesha thamani yake, naye akaila kwa hila, huyo si mdeni tu, ametenda hiana, na ibara ya 95 ya kitabu cha pili cha Kanuni ya Adhabu ya 1940 yampa kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano na faini, au mojawapo tu ya adhabu hizo.

Kifungo huisha, lakini hukumu hubaki daftarini. Tangu Kongo ilipojiunga mwaka 2012 na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, sheria ya biashara humzuia kufanya biashara mtu aliyehukumiwa kwa kosa la mali au la fedha kifungo cha miezi mitatu au zaidi, ikiwa kifungo hicho hakikuahirishwa. Mchuuzi wa beseni, ambaye jina lake halijapata kuandikwa katika rejista yoyote, hatausikia uzito wa katazo hilo. Atausikia siku atakapotaka kuinuka, afungue duka Butembo, mji ambao matajiri wake huagiza bidhaa Dubai na Guangzhou, aambiwe alete hati ya daftari la jinai.

Wengi hudhani kwamba msamaha wa Rais ndio dawa. Sivyo. Ibara ya 87 ya Katiba ya 2006 yampa Rais uwezo wa kuondoa adhabu, kuibadili au kuipunguza, na hukumu yenyewe ikasalia pale pale ilipoandikwa. Kinachofuta kosa ni sheria ya msamaha itungwayo na Bunge, na hapa sina budi kusema linalonikera: sheria ya tarehe 7 Mei 2009, na ile ya 11 Februari 2014, ziliwafutia watu makosa ya vita na ya uasi, ijapokuwa jinai kubwa za kivita na mauaji ya kimbari hazikuguswa, ama aliyekula samaki wa watu hakukumbukwa katika sheria hizo mbili.

Huyo ameachiwa njia ya mahakama. Akibahatika hukumu yake iahirishwe tangu mwanzo, naye asikose tena katika muda aliowekewa, huhesabiwa kama hakuhukumiwa kamwe. Asipobahatika, iko amri ya tarehe 21 Juni 1937, urithi wa serikali ya Kibelgiji, inayohusu kurudishiwa hadhi. Mwombaji sharti awe amemaliza adhabu yake, amelipa fidia na gharama za kesi, na amekaa kwa mwenendo mwema katika muda wa kujaribiwa. Mwendesha mashtaka mkuu huchunguza, na Mahakama ya Rufaa huamua. Ufaransa ina pia hadhi inayorudi yenyewe, miaka ikipita bila ya kosa jipya. Kwetu aliyetenda ndiye atakayekwenda kuomba.

Sharti la kulipa kwanza silipingi hata kidogo, kwani mwenye mtumbwi naye ana watoto. Lililo zito ni safari. Mahakama ya Rufaa ya mkoa wetu wa Kivu Kaskazini makao yake yalikuwa Goma, mji ulioangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, hata serikali ya mkoa ikahamia Beni. Isitoshe, sharti la kumaliza adhabu nalo limewaponyoka wengi: gereza la Kangbayi huko Beni lilivunjwa Oktoba 2020 wakatoka wafungwa zaidi ya 1,300, na la Kakwangura huko Butembo likavunjwa Agosti 2022 wakatoka zaidi ya 800. Na aliyetokea mlango uliovunjwa, hata kama alifuata tu mkumbo wa wenziwe, hawezi kudai kwamba amemaliza kifungo.

Aliyetoka kwa halali, basi, aihifadhi hati yake ya kuachiliwa. Na kwa kuwa huku ziwani deni hulipwa kidogo kidogo, mara kwa fedha, mara kwa samaki, mbele ya mzee wa mtaa na bila ya kuandikwa lolote, adai kila mara stakabadhi yenye tarehe, namba ya hukumu na sahihi ya mlipwaji, na nakala yake aiache kwa karani wa mahakama iliyomhukumu.