Kuchagua Difu ya Motokaa ya Otomatiki

Mwenye motokaa ya mbio akaaye Kisumu hupita njia za namna mbili: uwanda wa Kano hata Ahero, kisha mlima wa Kericho, kutoka mita 1,130 hivi juu ya bahari hata takriban 2,000. Basi yampasa kufikiri kabla ya kubadili difu, yaani meno ya ekseli ya nyuma.

Kipimo cha difu hupatikana kwa kugawanya meno ya gurudumu kubwa kwa meno ya pinioni. Meno 41 kwa 10 ni 4.1, meno 39 kwa 11 ni karibu 3.55. Kipimo kikubwa huongeza nguvu ya kupanda, lakini huizungusha injini zaidi. Kwa tairi lenye mzingo wa mita 2, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, na gia ya juu ya 1 kwa 1, difu ya 4.1 huizungusha injini karibu mara 3,400 kwa dakika. Ile ya 3.55, mara 2,950 hivi.

Wengi hukimbilia kipimo kikubwa. Lakini gia za otomatiki zina chombo cha mafuta kiongezacho nguvu wakati wa kuondoka. Hazihitaji msaada mwingi. Apitaye uwandani zaidi atapoteza petroli bure. Apandaye Kericho kila mara atanufaika, kwa kuwa gia hazitabadilika-badilika na kuyachemsha mafuta yake.

Tena, katika motokaa nyingi za zamani saa ya mwendo hudanganya difu ibadilishwapo, nayo irekebishwe. Hesabu hutangulia, ununuzi hufuata.