Theluji ya kompyuta: Namna inavyotengenezwa na kwa nini ni lazima itajwe

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

ASUBUHI ya Juni katika kata ya Milanzi, mjini Sumbawanga, watu hutoka nyumbani wamevaa makoti mazito au wamejitanda blanketi. Mpiga picha akielekeza kamera yake kwenye safu ya Milima ya Mbizi, ataipata baridi ya Ufipa bila shida. Kitu kimoja tu hatakipata, nacho ni theluji.

Sababu ni ya kijiografia. Sumbawanga iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Mbizi hupita mita 2,300. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi sita hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ndiyo maana, katika nchi zilizo karibu na Ikweta, barafu hudumu kwenye vilele virefu sana tu, kama kile cha Kilimanjaro chenye mita 5,895. Anayetaka kuiona theluji Milanzi hana budi kuitengeneza kwenye kompyuta.

Kazi hiyo si ngumu. Programu ya Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, inaiweza. GIMP, iliyotolewa mwaka 1996 na isiyolipiwa hata senti, inaiweza pia.

Hatua ya kwanza ni kuchagua picha. Ifaayo ni ile iliyopigwa siku ya mawingu, isiyo na vivuli vikali. Theluji inayoanguka huku jua likichoma na vivuli vimelala chini ni uongo unaojitangaza wenyewe.

Hatua ya pili ni kutoa nakala na kuiweka picha ya asili mahali salama. Kwenye nakala hiyo, rangi ya kijani na ya manjano hupunguzwa nguvu na kung'arishwa hadi nyasi na mabua ya mahindi yakaribie weupe. Kisha picha nzima huongezewa ubuluu kidogo, kwa kuwa jicho huuhusisha ubuluu na baridi.

Hatua ya tatu ni theluji inayoanguka. Juu ya picha huwekwa tabaka jipya lililojazwa rangi nyeusi, na ndani yake hunyunyizwa chembechembe nyeupe kwa amri ya programu. Chembe hizo hufifishwa kidogo, kisha huvutwa upande mmoja ili zionekane zikipeperushwa na upepo. Tabaka hilo likiwekwa katika hali iitwayo skrini, weusi hupotea na weupe hubaki. Matabaka matatu ni bora kuliko moja: chembe ndogo na nyingi kwa mbali, za wastani katikati, na chache kubwa zenye ukungu karibu na kamera.

Hatua ya mwisho hudai subira. Theluji hutua juu ya vitu, haitui chini yake. Basi weupe hupakwa kwa brashi juu ya mapaa ya mabati na upande wa juu wa matawi ya mikaratusi, na ukuta ulio chini ya upenu huachwa ulivyo.

Siku hizi hata subira hiyo si lazima. Tangu mwaka 2023, Photoshop imekuwa na akili bandia inayoweza kuongeza kitu kwenye picha kwa maelezo machache tu yaliyoandikwa. Hapo ndipo mchezo unapogusa jambo zito.

Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, hakuwa na picha ya kuonyesha. Taarifa yake ilipofika Ulaya, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London aliikataa katakata. Ukweli ulikosa ushahidi. Leo ushahidi unaweza kutengenezwa mezani pasipo ukweli.

Hasara yake inaonekana kwenye mlima huohuo. Mwaka 1912 Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute waliupiga picha Kilimanjaro kwa ajili ya kuchora ramani. Kutokana na kazi hiyo, wanasayansi wa baadaye walikadiria kuwa barafu yake wakati huo ilienea kilometa za mraba 12 hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kufikia mwaka 2007 asilimia 85 ya eneo hilo ilikuwa imetoweka. Ulinganisho huo umewezekana kwa sababu waliopiga picha za kale hawakuongeza weupe ambao haukuwapo.

Anayekipaka kilele hicho theluji ili kadi yake ya posta ipendeze anaweza kumfanya mtazamaji aamini kuwa mlima haujapungukiwa na kitu. Naye anayeipaka Mbizi bila kusema anaweza kumleta mgeni Rukwa kutafuta kisichokuwapo.

Dawa yake ni nyepesi. Picha ya asili ihifadhiwe pamoja na tarehe yake. Nakala ipewe jina tofauti. Na chini ya picha inayotolewa hadharani yaandikwe maneno machache tu: "Theluji imeongezwa kwa kompyuta."

Maneno hayo hayapunguzi uzuri wa picha. Mkazi wa Milanzi atacheka kuiona paa yake nyeupe, na mjukuu wake, akiikuta picha hiyo miaka 50 ijayo, hatadhani kuwa Ufipa iliwahi kuwa na theluji ikayeyuka.