Vizibo vya masikio si tiba ya mkoromo

KULALA chumba kimoja na mtu anayekoroma ni mtihani. Jijini Eldoret, mtihani huo huongezewa na ngurumo za malori yanayotumia barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Malaba. Si ajabu basi kwamba baadhi ya watu huamua kutumia vizibo vya masikio, vile vidude vidogo vya sponji au mpira laini, ili wapate angalau lepe la usingizi.

Lakini je, vizibo hivyo humfaidi nani? Anayekoroma au anayelala kando yake?

Ili kulijibu swali hilo, sharti tuelewe kwanza chanzo cha mkoromo. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Ulimi hurudi nyuma, nayo nyama laini ya kaakaa pamoja na kimio hulegea vilevile. Njia ya hewa ikiwa nyembamba, pumzi hupita kwa nguvu na kuitikisa nyama hiyo, kama upepo unavyoitikisa bendera. Mtikisiko huo ndio sauti tunayoisikia. Unene wa kupindukia, pombe, pua iliyoziba na kulala chali huzidisha tatizo.

Kizibo hukaa katika tundu la sikio, hakifiki kooni. Kwa hivyo, hakiwezi kupunguza mkoromo hata chembe. Anayekoroma akivivaa, huenda akanufaika kwa kutosikia honi, muziki na mbwa wanaobweka, sawa na mtu mwingine yeyote.

Hata hivyo, asitarajie kwamba vitamkinga dhidi ya sauti yake mwenyewe. Sauti hiyo humfikia pia kupitia mifupa ya kichwa. Msomaji anaweza kulithibitisha hili sasa hivi: ziba masikio yote mawili kwa vidole, ufunge kinywa, kisha uvume. Utasikia sauti yako imeongezeka badala ya kupungua.

Mwenzake ndiye anayefaidika zaidi. Kizibo cha sponji kilichovaliwa vyema huweza kupunguza kelele kwa takriban desibeli 20 hadi 30. Hicho si kiasi kidogo, ikizingatiwa kwamba kanuni za Kenya za mwaka wa 2009 kuhusu kelele ziliweka kiwango cha desibeli 35 kwa maeneo ya makazi nyakati za usiku. Mkoromo mkali huweza kukipita kiwango hicho kwa mbali.

Hasara anayopata mwenza si jambo la kukisia. Mwaka wa 1999, watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha uchunguzi kuhusu wanandoa 10, ambapo waume walikuwa na tatizo la kukatika pumzi usingizini. Waume hao walipotibiwa kwa mashine ya kusukuma hewa, muda ambao wake zao walilala kweli wakiwa kitandani ulipanda kutoka asilimia 74 hadi asilimia 87. Hiyo ni sawa na takriban saa moja zaidi ya usingizi kila usiku.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Kwa baadhi ya watu, mkoromo ni dalili ya maradhi. Koo hujifunga kabisa, na pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mhusika hushtuka akitweta. Hali hiyo ikitokea mara 30 au zaidi kwa saa, huhesabiwa kuwa kali. Mwili hukosa hewa ya kutosha, shinikizo la damu hupanda, na moyo huelemewa.

Mgonjwa mwenyewe aghalabu hana habari. Asubuhi huamka na maumivu ya kichwa na kinywa kikavu, kisha husinzia mchana kutwa. Akiwa dereva wa matatu au lori, usingizi huo unaweza kuwagharimu wengine maisha yao.

Anayejua kinachoendelea ni yule anayelala naye. Akiziba masikio kila usiku, shahidi pekee hunyamazishwa. Yafaa basi, kabla ya kuvivaa, asikilize kwa siku kadhaa: je, mkoromo hukatika ghafla, kukawa kimya, kisha ukarejea kwa kishindo? Akisikia hivyo, amhimize mwenzake amwone daktari. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyo jijini humo, ina wataalamu wa masikio, pua na koo.

Tiba ipo. Mashine ya kusukuma hewa kooni ilibuniwa nchini Australia na Dkt Colin Sullivan, aliyeieleza mwaka wa 1981, na ingali tegemeo kuu kwa wagonjwa wenye hali kali. Kwa wengine, kupunguza uzani, kuepuka pombe jioni na kulala ubavu huleta nafuu.

Wanaotumia vizibo nao wachukue tahadhari. Wanawe mikono kabla ya kuvivaa, wavitupe vya sponji vinapochakaa, na wasivisukume ndani mno, kwani huweza kushindilia nta. Mwenye mtoto mchanga asizibe masikio yote mawili iwapo hakuna mtu mwingine wa kumsikia akilia.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Anayekoroma hafichi, hupiga mbiu kila usiku. Kazi ya aliye kando yake ni kuisikiliza kabla ya kuziba masikio.