Ishara za Vidole Zinapogombania Kioo cha Simu

Kioo cha simu hakijui nia ya mtumiaji. Kinachohisi ni mabadiliko madogo ya umeme pale kidole kinapokigusa, nayo mabadiliko hayo huifikia programu kama mfululizo wa nukta, kila moja ikiwa na mahali pake na wakati wake. Ni juu ya msanidi programu kuufasiri mfululizo huo kuwa ishara, yaani mwendo wa kidole wenye maana, kama vile kugusa, kuburuta au kutanua kwa vidole viwili.

Kuitambua ishara moja si kazi ngumu. Ugumu huzuka pale ishara mbili zinapoanza kwa namna moja. Abiria wa matatu jijini Mombasa, atokaye Changamwe kuelekea feri ya Likoni, akiwa amefungua ramani, hugusa kituo mara moja apate maelezo yake, na hugusa mara mbili akitaka kuikuza ramani. Kwa kuwa mguso wa kwanza ni uleule, programu hulazimika kungoja, na kwenye Android muda huo kwa kawaida ni milisekunde 300, muda ambao mtumiaji huuhisi kama uzito wa simu. Kwa hiyo mguso wa mara mbili usiwekwe mahali ambapo hauna kazi ya lazima.

Kutanua na kuzungusha, kinyume chake, havina budi kuruhusiwa pamoja, kwani vidole viwili havitanuki bila kuzunguka kidogo. iPhone huwapa wasanidi njia ya kuruhusu vitambuzi viwili vya ishara vifanye kazi kwa wakati mmoja, au kimoja kisubiri mpaka kingine kishindwe.

Matatu inaporuka mashimo ya barabarani, kidole nacho hutikisika, na ndiyo maana Android haihesabu kuburuta mpaka kidole kisogee kiasi fulani, kwa kawaida kama milimita 1.3. Jasho la joto la pwani huongeza tatizo, kwa sababu maji hupitisha umeme na kioo huweza kuyahesabu kama mguso.

Kwa kuwa ishara inaweza kusomwa vibaya hivyo, jambo zito kama utumaji wa pesa lisitegemee ishara iliyofichika pekee, bali liwe na kitufe kinachoonekana. Na kitufe hicho ni cha lazima zaidi kwa asiyeona, kwa maana kisoma-skrini cha Android kiitwacho TalkBack kikiwashwa, kugusa mara mbili huwa ndiko kuchagua, na kutelezesha kidole kimoja kuelekea kulia huhamia kipengele kinachofuata.