Kansa changa ya tumbo: wakati kamera inatosha, na wakati kisu kinahitajika

Mtu akiambiwa ana kansa ya tumbo, anafikiri moja kwa moja kupasuliwa. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Lakini kansa ikigunduliwa mapema sana, waganga wanaweza kuiondoa kwa kupitia mdomoni, na mgonjwa anabaki na tumbo lake.

Njia hiyo ilianzia Japani mwishoni mwa miaka ya 1990. Mganga anaingiza mpira mwembamba wenye kamera, kama ule wa fibroskopi, anadunga maji chini ya sehemu yenye kansa ili kuiinua, kisha anaichuna polepole kwa kisu kidogo cha umeme.

Shida ni matezi. Kansa ya tumbo hupenda kukimbilia matezi yaliyo kandokando ya tumbo, na kamera haifiki huko. Mwenye kupasua anayatoa. Mwenye kamera anayaacha, akiamini kwamba ni mazima. Anaamini kwa msingi gani? Mwaka 2000 Wajapani walitoa hesabu ya wagonjwa 5.265 waliopasuliwa. Kati yao, kansa 1.230 zilikuwa hazijavuka utando wa ndani, hazikufika milimita 30, na chembe zake zilikuwa bado zinafanana na za kawaida. Hakuna hata moja iliyokuwa imefika kwenye matezi.

Utafiti mwingine wa Japani, uliotolewa mwaka 2018, ulifuata wagonjwa 470 waliotibiwa kwa kamera. Baada ya miaka 5, asilimia 97 walikuwa hai.

Aliyekatwa tumbo lote anakula kidogo kidogo, anakonda, na anahitaji vitamini B12 maisha yake yote. Kamera inamwepusha na hayo. Hata hivyo, inaweza kuleta damu ao kutoboa tumbo, ingawa si mara nyingi. Tena, kipande kilichotolewa kinapimwa kwa darubini: ikionekana kansa ilishuka chini sana ao iliingia kwenye mishipa, mgonjwa anapasuliwa tu.

Na tumbo lililobaki linaweza kuota kansa nyingine. Huko Korea ya Kusini, wagonjwa waliotibiwa kwa kamera walipewa dawa za kuua bakteria Helicobacter pylori: asilimia 7,2 walipata kansa mpya, na kwa wale ambao hawakupewa ilikuwa asilimia 13,4. Ndiyo maana mgonjwa anarudi kwenye fibroskopi mara kwa mara.

Kwa mtu wa Goma, Bukavu ao Bunia, kazi inaanza kabla ya hapo. Kansa changa mara nyingi haiumi, ao inaumiza kama vidonda vya tumbo vya kawaida, na dawa za kupunguza asidi zinaweza kutuliza maumivu huku kansa ikiendelea. Anayemeza dawa hizo miezi na miezi, hasa kama anakonda, anatapika ao anapata choo cheusi, aombe fibroskopi.