Je, Wajua? Kipindupindu na kidonge cha kuzuia mimba

Katika ukanda wa afya wa Kabondo-Dianda, mkoani Haut-Lomami, karibu na maziwa ya bonde la Upemba, kipindupindu hurudi mara kwa mara, na mwanamke anayetumia vidonge vya kuzuia mimba hupaswa kujua kwamba ugonjwa huo waweza kumwondolea kinga hata kama hakusahau kidonge hata kimoja. Kidonge hubeba homoni, yaani kemikali zinazozuia yai kupevuka, na homoni hizo hufyonzwa katika utumbo mwembamba kabla ya kuingia damuni. Akitapika mapema baada ya kukimeza, kidonge hutoka nazo. Miongozo mingine hutaja saa 2, mingine saa 3 au 4, na akitapika ndani ya muda huo humtaka ameze kingine. Kutapika au kuharisha sana kukidumu siku 2 au zaidi, huhesabiwa kuwa ameruka vidonge: aendelee kumeza, lakini atumie kondomu mpaka ameze siku 7 mfululizo bila matatizo.

Wengi huilaumu antibiotiki, na mara nyingi huionea. Doksisaiklini, inayotumika kutibu kipindupindu, haipunguzi nguvu ya kidonge. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ndiyo hulichochea ini kuvunja homoni upesi, na athari hiyo hudumu takriban wiki 4 baada ya kuiacha. Sindano ya miezi 3, isiyopita tumboni, haidhuriwi na kuharisha wala na rifampisini.